Saa Sita Kasorobo

Mama yangu hakuwahi kujua alizaliwa saa ngapi mpaka kompyuta ilipomwambia.

Ilikuwa mwaka 2019. Alipanda matatu pale Waa asubuhi na mapema kwenda Ukunda, kitambulisho kakifunga kwenye pindo moja la leso, nauli kwenye pindo la pili. Alikuwa anafuata akiba yake katika ofisi ambayo sitaitaja. Kijana wa dirishani akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena.

"Mama, tarehe hazioani. Kitambulisho kinasema mosi Januari 1952. Huku kwetu umezaliwa Disemba 1951."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa mara moja tu."

"Najua, mama. Lakini mfumo umekataa."

Alirudi adhuhuri na karatasi waliyomchapishia, akaniwekea mezani chini ya bilauri ya maji isipeperuke. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa mji wetu mzima. Natengeneza mitambo ya hoteli ndogo za Diani, ya maduka ya dawa, ya shule. Simu ya mtu ikitumbukia kwenye chungu cha mchuzi nayo huletwa kwangu. Nikaisoma karatasi. Penye tarehe ya kuzaliwa paliandikwa hivi: 1951-12-31 23:45.

Siku yenyewe haikunishtua. Kilichonishika ni ile robo saa. Karani akikosea hukosea tarakimu, huruka mwezi, huandika jina la babu mahali pa baba. Hakosei dakika kumi na tano kamili. Nikamwuliza mama kama kuna wengine waliorudishwa siku ile. Akahesabu kwa vidole: mzee mmoja wa Ng'ombeni, bibi wawili wa Tiwi, na mwanamume wa Kombani aliyekuwa akifoka. Wote wamezaliwa mosi Januari.

Hilo la mosi Januari halihitaji mpelelezi. Wazee wetu wengi walipoandikishwa hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtu aliulizwa mwaka, mwaka wenyewe ukakisiwa kwa njaa fulani au kwa rika lake, kisha siku na mwezi vikajazwa na kalamu ya afisa: tarehe mosi, mwezi wa kwanza. Ukitaka kuwafanyia wazee wa pwani sherehe ya kuzaliwa, pika sufuria moja ya pilau usiku wa kuingia mwaka mpya na utakuwa umewamaliza wengi.

Nilikesha. Nilichokuta ni kwamba ofisi ile ilitumia programu mbili ambazo hazikusoma shule moja. Kompyuta nyingi hazitunzi tarehe kama tunavyoiandika. Hutunza hesabu ya sekunde, mbele au nyuma ya usiku wa manane ulioingiza mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Programu iliyomwingiza mama ilichukua usiku wa manane wa mosi Januari 1952, ikatoa saa tatu kwa sababu Kenya iko saa tatu mbele ya Greenwich, ikaweka hesabu. Programu iliyochapa karatasi ilikuwa nyingine, na yenyewe ilikuwa imesoma historia. Iliamini kwamba mwaka 1952 Kenya ilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika arobaini na tano tu. Ikajumlisha pungufu kwa robo saa, na mama akarudi nyuma akavuka mwaka.

Aliyeifundisha historia hiyo ni faili.

Faili lenyewe limo karibu katika kila kompyuta na kila simu niliyowahi kuishika, ingawa wenye simu hawajui. Asili yake ni maandishi matupu unayoweza kuyafungua na kuyasoma kama barua. Bara letu lina faili lake, linaitwa africa tu, kwa herufi ndogo. Ukishuka ndani yake unafika mahali pa Nairobi, na leo pamekaa hivi:

Zone Africa/Nairobi 2:27:16 - LMT 1908 May
2:30 - +0230 1928 Jun 30 24:00
3:00 - EAT 1930 Jan 4 24:00
2:30 - +0230 1936 Dec 31 24:00
2:45 - +0245 1942 Jul 31 24:00
3:00 - EAT

Mistari sita. Safu ya kwanza ya kila mstari, ukiacha wa juu wenye jina mbele yake, inasema saa zetu zilikuwa mbele ya Greenwich kwa kiasi gani. Safu ya mwisho inasema hali hiyo ilidumu mpaka lini. Mstari wa mwisho hauna mpaka, maana bado tumo ndani yake.

Nimeisoma mistari hii mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata kuandikiwa, na kila mara naona watu ndani yake. Ule wa kwanza, saa mbili, dakika ishirini na saba na sekunde kumi na sita, haukutungwa na serikali. Ni jua. Nairobi iko karibu digrii 36 na dakika 49 mashariki, na dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, zidisha, utapata. Mpaka mwezi wa tano 1908, kwa mujibu wa faili, mtu wa Nairobi alifuata jua la Nairobi. Kisha saa ya serikali ikawa mbili na nusu kamili, namba nzuri ya kukumbukwa na karani wa reli. Mwishoni mwa Juni 1928 mishale ikasogezwa nusu saa mbele. Haikumaliza miaka miwili. Usiku wa tarehe 4 Januari 1930 ikarudishwa palepale. Mwaka 1937 ulipoingia ikaongezwa robo saa. Julai 1942 ikiisha, vita vikiwa vimechacha, robo nyingine, na tangu hapo hatujaguswa tena.

Sasa chukua penseli uhesabu na Waa. Sisi tuko karibu digrii 39.6 mashariki. Mara nne, ni dakika 158, yaani saa mbili na dakika thelathini na nane na kitu. Jua linapofika utosini Waa, Nairobi bado wanangoja dakika kumi na moja. Saa ya 1908 ilikuwa nyuma ya jua letu kwa dakika nane. Saa tuliyonayo leo iko mbele yake kwa dakika ishirini na moja. Saa iliyotukaribia kuliko zote ilikuwa ile ya ajabu ya saa mbili na dakika arobaini na tano, iliyotuacha kwa dakika sita tu, na hiyo ilidumu muda mfupi tu, kuanzia 1937 hadi 1942. Sidhani kama aliyeipanga alikuwa anaifikiria Waa.

Babu yangu angejua bila penseli. Alikuwa muadhini, na ingawa ukutani msikitini palikuwa na saa, adhuhuri aliipima kwa kivuli cha kijiti uani. Alikuwa akisema jua la Novemba lina haraka na jua la Februari ni mvivu. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni maneno ya wazee. Siku hizi najua hesabu yake: kwetu mapema Novemba jua hupinduka kama saa sita na dakika tano, na katikati ya Februari husubiri mpaka saa sita na dakika thelathini na tano. Nusu saa nzima ya tofauti, na mshale wa ukutani haukusema lolote. Alipoitazama ile saa ya ukutani aliisoma kama tunavyosoma sote, mshale mfupi ukiwa kwenye saba yeye anasema moja, kwa sababu siku huanza kukicha na mtu hawezi kuamka saa saba.

Lakini narudi kwenye faili, kwa sababu hiyo mistari sita niliyoiandika juu siyo iliyomsumbua mama. Mwaka 2019 faili lilisema mambo mengine. Lilisema saa ya mbili na dakika arobaini na tano ilianza 1940 ikadumu mpaka 1960. Miaka kumi na saba na ushei ya kweli, kuanzia Agosti 1942, ambamo watu wa pwani hii waliishi saa tatu mbele ya Greenwich, waliolewa, walizaa, walipanda feri ya Likoni, kompyuta nyingi za dunia ziliamini walikuwa nyuma kwa robo saa. Mama alizaliwa humo.

Kosa lilitoka wapi? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku wa manane. Hifadhi ya saa za dunia inayobeba faili hili ilianzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson, mtumishi wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, aliyetaka tu kompyuta zake zijue saa. Baadaye ikatunzwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kuipata saa ya leo ya kila nchi ni kazi nyepesi. Kuipata ya 1935 ni kazi ya kuchimba, na chimbuko kubwa walilolikuta tayari lilikuwa kitabu cha atlasi cha Thomas Shanks, kilichotungwa kwa ajili ya wanajimu. Mpiga nyota lazima ajue dakika uliyozaliwa, na dakika haina maana bila kujua saa ya mji wako mwaka ule. Kwa hiyo simu iliyomo mfukoni mwako ilirithi historia yake kwa watu wa falaki. Mwaka 2011 kampuni moja ya programu za unajimu, Astrolabe, hata iliwashtaki Olson na Eggert ikidai ukweli huo ni mali yake. Februari 2012 ikaiondoa kesi. Mwezi uliofuata baada ya mashtaka, Oktoba 2011, hifadhi ilikuwa imeshahamia chini ya IANA, wale wanaotunza namba na majina ya intaneti.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kuwacheka wanaohesabu kwa nyota. Wavuvi wetu walikuwa na mwaka wao wa jua, unaoanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, kumi kumi mpaka siku mia tatu na sitini, kisha tano za kufungia. Mwongo fulani, upepo fulani. Mwongo fulani, panda mtama. Ilikuwa jedwali, ingawa haikuandikwa popote. Na kwa kuwa haikuongeza siku ya mwaka mrefu, iliteleza polepole mbele ya kalenda ya ofisini, siku moja kila miaka minne.

Shanks alikosea Kenya. Kilichosahihisha kosa ni kinyume cha uvivu: watu waliokaa kuyapekua matangazo ya sheria ya serikali ya kikoloni, ukurasa kwa ukurasa, wakitafuta ni lini hasa mishale ilisogezwa. Toleo la Disemba 2020 likaja na marekebisho ya miji mingi, na Kenya ikiwemo. Ile 1960 ikawa 1942.

Sasa niseme jinsi nilivyoingia ndani mwenyewe, kwa sababu historia hii niliijua kwa mkono kabla ya kuijua kwa kichwa.

Nilitaka jedwali la Kiswahili. Nilitaka nimwekee mama karatasi inayosema: tangu lini mpaka lini, saa ngapi mbele, na jua la Waa lilikuwa wapi. Faili lina miji mingi na mistari mingi. Huwezi kunakili kwa kalamu. Nikachukua awk. Hiyo ni lugha ndogo ya skripti iliyotungwa mwaka 1977 katika maabara ya Bell, na jina lake ni herufi za watungaji wake: Aho, Weinberger, Kernighan. Mimi naipenda kwa sababu inafikiri kama mama anavyochambua mchele. Inashika mstari mmoja, inauvunja penye nafasi, kipande cha kwanza inakiita cha kwanza, cha pili cha pili, inakuuliza ufanye nini, inautupa, inashika mwingine. Haibebi sinia zima mara moja.

Watunzaji wa hifadhi nao wanaitumia awk hiyohiyo, na jambo hili ndilo lililonipa moyo. Wana skripti inayoitwa ziguard ambayo husoma mafaili yao na kuyaandika upya kwa sura tatu, moja ya kawaida, moja ya kisasa kwa mashine zinazojua mambo mapya, na moja ya nyuma kwa mashine kongwe zisizoelewa, kwa mfano, kwamba Ireland huhesabu saa za baridi kuwa ndizo zilizopunguzwa. Maana ni ileile, maneno tofauti, kama mtu anayesimulia kisa kimoja kwa Kidigo nyumbani, kwa Kiswahili sokoni Kombani. Wana nyingine, zishrink, inayokamua faili mpaka likabaki mifupa: neno Zone likawa Z, kila kilichoweza kufupishwa kikafupishwa.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na mistari minne na ilifanya kosa la mtu mwenye haraka. Niliiambia: ukiona mstari wenye Africa/Nairobi, chukua kipande cha tatu, hiyo ndiyo saa. Ikatii. Ikaniletea 2:27:16 ikanyamaza, kana kwamba tangu dunia iumbwe Kenya imefuata jua la Nairobi. Tazama tena ile mistari sita na utaona nilikosea wapi. Jina la mji limo katika mstari wa kwanza tu. Mitano inayofuata haina jina. Ni watoto wanaotembea nyuma ya mama yao, na saa iliyokuwa kipande cha tatu kwake kwao ni kipande cha kwanza. Asiyemkumbuka mama hawezi kujua watoto ni wa nani. Ikabidi niifundishe skripti kumbukumbu: ukipita Zone, shika jina, mpaka uone Zone nyingine au Rule au Link, kila mstari ni wa jina hilo.

Kosa la pili ni la aibu zaidi, na naliandika kwa sababu nimelikuta kwa vijana niliowafundisha, mmoja baada ya mwingine. Nilipoona matokeo yamenyooka, nikataka kuyaweka mahali pa faili la zamani. Nikaandika amri: soma africa, geuza, mimina ndani ya africa. Nikabonyeza. Nikapata faili lenye baiti sifuri. Mfumo hufungua chombo cha kupokelea kwanza, na kukifungua ni kukisafisha. Awk ilipoinama kusoma ilikuta chungu kitupu. Bara zima la Afrika, kutoka Abidjan mpaka Windhoek, limefutika kwenye kiti cha plastiki cha baraza yetu. Nililipakua tena, bila shaka. Tangu siku hiyo namimina kwenye faili jipya, nalinganisha mawili kwa macho, ndipo nabadilisha majina.

Kosa la tatu halikuonekana kama kosa, na ndilo ninalolijutia hasa. Skripti yangu iliruka kila mstari unaoanza na alama ya reli, ile unayobonyeza mwisho wa kuangalia salio la simu. Kila skripti hufanya hivyo. Mistari hiyo ni maoni, ni ya watu, mashine haina haja nayo. Jedwali langu likatoka safi, fupi, la kupendeza, nikalichapa.

Wiki kadhaa baadaye nililifungua tena faili lenyewe nikitafuta kitu kingine, nikaanza kusoma maoni. Humo ndimo kazi yote ilimo. Nani aliandika lini, alisoma tangazo gani la serikali, ukurasa upi, kwa nini tarehe ya Shanks imekataliwa, wapi wanakisia tu. Mistari sita ya Nairobi ni hukumu. Maoni ndiyo mashahidi. Nilikuwa nimeandika historia ya saa ya Kenya kwa kufukuza mashahidi mahakamani. Kwa Dar es Salaam ni vibaya zaidi. Hapo zamani ilikuwa na mistari yake yenyewe, ikisema ilikaa kwenye robo ileile mpaka 1961. Miaka kumi hivi iliyopita watunzaji waliamua kwamba miji ambayo saa zake zimelingana tangu 1970 haihitaji mistari mingi, wakaiacha Dar es Salaam na mstari mmoja tu, Link, yaani muulize Nairobi. Kampala na Mogadishu vivyo hivyo. Historia yao ya kale imesukumwa katika faili la uani liitwalo backzone, ambalo kompyuta nyingi hazilisomi kamwe. Mzee aliyezaliwa Tanga 1955 akavuka Lunga Lunga akaja kuoa Msambweni, leo mashine inampa saa za Nairobi zote mbili, ya kuzaliwa na ya kuoa. Mombasa haijawahi kuwa na mstari wake hata siku moja. Unguja pia.

Ofisi ile ya Ukunda ilirekebishwa na mtu wao, si mimi. Nilimtumia tu ujumbe kupitia rafiki. Alifanya jambo la busara. Hakugusa saa. Alibadilisha namna ya kutunza tarehe ya kuzaliwa iwe tarehe tupu, bila saa ndani yake, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza mtu yeyote saa aliyozaliwa. Mama alipata pesa zake baada ya wiki tatu. Na hata kama asingegusa, lile toleo la Disemba 2020 lingemponya mama kimyakimya seva ilipolipokea. Yule mzee wa Ng'ombeni lisingemponya. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1940, na 1940 robo ile ilikuwa ya kweli.

Lakini mimi nilikuwa nimeshanogewa. Jedwali nikaliandika upya, safari hii skripti ikiyabeba maoni pamoja na mistari yake. Nikaongeza kugeuza saa kuwa za Kiswahili: jumlisha sita, gawa kwa kumi na mbili, chukua kinachobaki, kikiwa sifuri andika kumi na mbili. Hapo nikakwama, maana saa za Kiswahili siyo kugeuza mshale tu. Siku ya kwetu haiingii usiku wa manane. Jua likizama, imeingia. Mtu wa Waa akikwambia harusi ni usiku wa Ijumaa na wewe ukaja Ijumaa baada ya isha, utakuta wanaosha vyombo. Walioelewa walikuja jana yake. Nikaongeza sharti: ikiwa saa imepita kumi na mbili jioni, tarehe isogee siku moja mbele. Mistari kumi na tisa jumla. Bado ninayo.

Kitu cha kwanza nilichoipa kutafuna kilikuwa ile rekodi ya mama, kama ilivyochapwa 2019, na faili la saa la wakati ule ule. Ikatoa:

Jumanne, 1 Januari 1952, usiku, saa tano na dakika 45.

Nikadhani nimekosea mara ya nne. Nikahesabu kwa kidole. Disemba 31, 1951 ilikuwa Jumatatu. Saa sita kasorobo ya usiku ule, kwa mtu wa pwani, ni usiku wa kuamkia Jumanne, ni usiku wa mosi. Tarehe ya kitambulisho na tarehe ya mashine zilikuwa siku moja.

Nikamwita mama uani, alikuwa anatwanga. Nikamweleza kadiri nilivyoweza.

"Kwa hiyo walikuwa sawa?"

"Walikuwa sawa, mama. Wameandika usiku wa Jumanne, wakausoma Jumatatu."

Akaweka mchi begani akafikiri. "Bibi yako aliniambia nimezaliwa usiku, hilo ni kweli. Mvua ya mwaka inapiga, paa linavuja, na mahindi yameshaanza kushika."

Mvua ya mwaka kwetu ni ile ya mwezi wa nne na wa tano. Nikamwambia mahindi hayashiki Januari.

"Basi andika hivyo," akasema, akaendelea kutwanga.

Kwenye nakala yangu ya faili, chini ya mstari wa 1942, kuna mstari ambao hakuna skripti itakayousoma. Unaanza na alama ya reli: # Waa, mama, usiku, mvua ya mwaka, mahindi yanashika. Mwaka 1952 au karibu na hapo.